Sumaku na Nati Iliyopotea

Kwa maneno ya mshonaji wa nyumba ya jirani, mambo yalikuwa hivi. Mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa ulikuwa umepotea tangu asubuhi. Alikuwa ameutafuta chini ya cherehani, chini ya kitanda, hata ndani ya mtungi wa maji, na kilichobaki kilikuwa kulia tu. Ndipo akaingia binti wa yule mama anayefanya kazi kwenye mashine ya unga. Mtoto wa watu hakuuliza neno. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la chuma, lile zito lenye kufuli, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akafumba macho, mwili ukamtetemeka kama wa mgonjwa wa homa. Kisha akasema, "Mkasi umo humu, umelala ubavu, ncha zimeelekea mlangoni." Kufuli likafunguliwa. Mkasi huo hapo, umelala ubavu, ncha zimeelekea mlangoni!

"Chuma kizito namna ile," mshonaji alimalizia kila aliposimulia, "na mkono wake ukaona ndani kama unachungulia dirishani. Mkinibishia, muulizeni mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili, na alijua vizuri ilivyokuwa. Alikuwa ametumwa kuchukua sketi yake ya shule iliyokuwa inatiwa kiraka. Akaketi juu ya sanduku kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma. Siku iliyotangulia alikuwa amemwona mshonaji akikunja vitambaa huku mkasi uko mapajani, kisha akavisomba vyote kwa mkupuo mmoja na kuvitumbukiza sandukuni. Na pale alipoketi, sanduku liliyumba kidogo, na ndani yake kitu kikateleza, kwaa! Basi akasema, "Shangazi, mkasi si umo humu?" Hayo mengine, kutetemeka na ncha kuelekea mlangoni, mshonaji aliyatia chumvi kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini mtoto hakumsahihisha. Hakusema uongo, alinyamaza tu. Na kabla wiki haijaisha, mtaa mzima ulikuwa unamwita Sumaku.

Sumaku alikuwa mtoto aliyechoka. Asubuhi aliteka maji, akafagia, akaosha vyombo, akakimbilia shuleni. Darasani, mwalimu alipogeukia ubao, kope za Sumaku zilikuwa nzito kama zimepakwa gundi. Jioni alijitwika mahindi ya nyumbani, na wakati mwingine ya jirani pia, akaenda kusimama kwenye foleni ya mashine ya unga.

Mama yake alikuwa huko tangu alfajiri. Kazi yake ilikuwa kumimina nafaka. Alisimama juu ya kikao cha mbao, akainua debe hadi kifuani, akaliinamisha juu ya mdomo mpana wa mashine, uso wake ukiwa karibu kabisa na mdomo huo, akitazama mahindi yasishuke kwa fujo. Akimaliza debe moja, alipewa jingine. Alirudi nyumbani mweupe, unga hadi kwenye nyusi, akasema neno moja, "Maji." Akishakunywa, alijinyoosha kwenye mkeka bila kuvua kandambili, na Sumaku ndiye aliyemvua.

Kwa hiyo jina lile jipya lilipoanza kumletea nafuu, Sumaku hakulikataa.

"Mpisheni Sumaku, apite!" wanawake wa foleni walisema, wakicheka. "Asije akatuona hata pini za nywele!"

Akipita mbele, alisaga mapema, akafika nyumbani jua halijazama, akalala kidogo kabla ya kazi nyingine. Kulala kidogo! Mtu asiyechoka hawezi kujua utamu wake.

Tatizo ni kwamba watu wakishakusifu, hutaka kuona. Siku moja walimwambia, "Ukitaka kupita tena, tuonyeshe. Kesho tutaficha msumari kwenye sufuria." Usiku ule Sumaku alikosa raha. Kisha akakumbuka spika mbovu ya redio iliyotupwa jalalani, na ile sumaku yake ndogo, duara kama kifuniko cha chupa, ambayo alikuwa ameiokota akaiweka kwenye kopo la penseli. Akatia msumari ndani ya sufuria ya alumini, akapitisha sumaku chini yake kwa nje. Msumari ukainuka, ukamfuata kama kifaranga anavyomfuata mama yake.

Kesho yake alikuja na kitambaa kimezungushiwa kiganjani.

"Umefanyaje, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Nimejikata kidogo."

Huo sasa haukuwa ukimya. Huo ulikuwa uongo kamili, wenye miguu na mikono. Sufuria zikafunikwa, Sumaku akazibeba moja moja, kiganja chini, hadi akaipata iliyovuta mkono wake, tik! "Hii hapa." Foleni ikapiga vigelegele. Akapita.

Mambo yakaenda hivyo, hadi mashine ilipoharibika.

Ilikuwa siku isiyo ya shule. Mashine ilikuwa imekufa tangu jana yake, kwa sababu zile nyundo za chuma zinazozunguka ndani na kupondaponda nafaka zilikuwa zimechakaa. Fundi alikuwa amezibadilisha mchana kutwa, akalala palepale juu ya magunia, akaamka na kuendelea. Macho yake yalikuwa mekundu. Foleni ilikuwa imeanzia mlangoni, ikapinda ukutani, ikapotea nyuma ya choo. Watu wengine walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao wakisinzia vichwa begani kwa wenzao. Hakuna aliyekuwa na unga nyumbani.

Fundi alikaza bolti ya mwisho, akaufunga mfuniko mzito wa tumbo la mashine, akajifuta jasho. "Haya, Bibi, tayari," alimwambia mwenye mashine, mama mtu mzima ambaye wote walimwita Bibi Mashine. Kisha akatazama kile kifuniko cha kopo alichokuwa akiwekea nati. Akatazama tena. Akapiga magoti, akapapasa sakafu.

"Nini tena?" Bibi Mashine aliuliza.

"Nati moja siioni."

"Nati moja tu? Si nyingine zipo?"

"Bibi, sitafuti ya kufungia. Naogopa isiwe imeangukia ndani. Zikianza kuzunguka hizo nyundo, nati inageuka risasi. Inaweza kutoboa chekeche, watu wakala vipande vya chuma kwenye unga. Inaweza kurudi juu kwa mdomo." Akamtupia jicho mama yake Sumaku, ambaye alikuwa ameshapanda juu ya kikao chake akingoja. "Na dada hapa ndiye anayeinamia huo mdomo."

Wakachungulia kwa juu, wakaona giza tu. Wakafagia sakafu, wakakung'uta magunia. Hapakuwa na nati.

"Basi fungua," alisema Bibi Mashine, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetua mzigo kisha akaambiwa aubebe tena.

"Kufungua ni kulegeza bolti zote hizi. Na ile moja imelika meno, imenitesa nusu ya asubuhi. Tutafika alasiri." Fundi alikaa chini, mgongo ukutani. "Sijakataa. Nasema tu, mikono yangu haifungi hata ngumi."

Foleni ikaguna. Mtoto mchanga akalia. Ndipo mshonaji, aliyekuwa katikati ya foleni na kikapu chake, akapaza sauti.

"Jamani, mnahangaika nini? Si Sumaku huyu hapa! Mtoto aliuona mkasi wangu kwenye sanduku la chuma, atashindwa nati?"

"Eeh! Sumaku! Mleteni!"

Sumaku alitamani ardhi immeze. Walimsukuma mbele kwa mikono ya upole. Alimtazama fundi, akitumaini kwamba mtu mzima mwenye spana mkononi atasema huo ni upuuzi. Fundi alijikuna shingo.

"Mimi siyaamini sana mambo haya," alisema. "Lakini akisema hamna, sitamgombeza."

Hapo ndipo Sumaku alipoelewa jambo lililomtisha. Hakuna aliyemwamini sana. Walikuwa wamechoka tu, na aliyechoka huamini lolote litakalomwezesha kupumzika. Hata mama yake, kule juu ya kikao, alikuwa anamtazama kama mtu anayeomba maji.

Akaweka kiganja kile chenye kitambaa kwenye tumbo la mashine. Mkono ukanata papo hapo. Akausogeza kulia, ukanata. Akaushusha chini, ukanata vilevile. Mashine nzima ilikuwa chuma, na sumaku ilikuwa imeng'ang'ania ukuta wenyewe, haina habari na kilicho ndani. Sufuria ya alumini ilikuwa imempisha. Chuma hiki hakikumpisha. Ndani kungeweza kuwa na nati moja, au nati mia, au hewa tupu, na yeye asingejua tofauti.

"Vipi, mwanangu?" aliuliza Bibi Mashine.

"Hamna kitu," alisema Sumaku.

Aaah! Foleni nzima ikashusha pumzi. Watu wakasimama, wakajikung'uta, wakaanza kusogeza madebe. Fundi akainuka, akachukua mpini wa kuwashia injini, akauchomeka. Mama yake Sumaku akajifunga kitambaa puani, akainua debe la kwanza, akauinamisha uso wake juu ya mdomo wa mashine kama alivyofanya kila siku ya maisha yake ya kazi.

Fundi akaanza kuzungusha. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena.

"Acheni!" Sumaku alipiga kelele. "Mama, toka hapo! Sijui! Mimi sijui!"

Fundi akaachia mpini. Punje za mahindi zikasikika zikidondoka kutoka kwenye debe lililoinamishwa.

"Hujui nini?" aliuliza Bibi Mashine.

Sumaku alirudisha kiganja kwenye mashine, akafungua kile kitambaa. Hapakuwa na jeraha. Ile sumaku ya spika ilibaki imenata ubavuni mwa mashine, peke yake, kila mtu akiiona.

"Natumia hii. Kwenye sufuria inafanya kazi. Hapa inashika mashine tu. Sikusikia chochote, nimesema hamna kwa sababu... kwa sababu nyote mlitaka niseme hamna."

"Na mkasi wangu?" mshonaji alidakia.

"Mkasi nilikuona ukiutumbukiza na vitambaa, shangazi. Kisha sanduku likalia nilipolikalia."

Foleni ililipuka. Mmoja akasema, "Kumbe tunapisha tapeli!" Mwingine akasema, "Mganga wa sufuria huyo, akirudi nyuma ya foleni atauona mgongo wangu hadi kiyama!" Wengine walicheka, lakini si kicheko cha kumfurahia mtu. Sumaku alisimama akitazama vidole vya miguu yake. Mama yake alishuka kwenye kikao polepole, akaweka debe chini.

Fundi ndiye aliyetuliza kelele. Alibandua ile sumaku, akaigeuzageuza.

"Sumaku ni kitu cha haki," alisema. "Inashika chuma cha kwanza inachokutana nacho. Kama chuma hicho ni kinene, nguvu yake yote inaishia humo humo, haivuki. Alumini haiijali, kwa hiyo inaipita kama haipo. Hukuwa mjinga, mtoto. Umejaribu mwenyewe hadi ukajua la sufuria, na hilo ni zuri." Akashika spana, akavuta pumzi ndefu. "Haya. Tunafungua."

Wakafungua. Kazi ilikuwa kama fundi alivyosema, ndefu na chungu. Ile bolti iliyolika meno iligoma, ikapigwa mafuta, ikagoma tena. Bibi Mashine mwenyewe alishika taa. Sumaku alipewa kazi ya kupokea kila nati na kuitia kwenye kopo, na hakuondoa macho yake hapo. Jua likapita utosini. Baadhi ya watu walirudi nyumbani na mahindi yao yasiyosagwa, wengine wakalala chini ya kivuli cha ukuta.

Mwishowe mfuniko ukatoka. Fundi akaingiza mkono hadi begani, akapapasa kila nyundo, kila kona, akavuta chekeche, akalikung'uta juu ya gunia jeupe. Ukadondoka unga wa zamani. Basi.

"Hamna," alisema.

"Hamna kabisa?"

"Hamna kabisa, Bibi."

Fundi alipoinama kuchukua kitambaa cha kujifutia, kitu kikalia sakafuni, ting! Nati. Ilikuwa imejificha kwenye upindo wa suruali yake, imetembea naye huko na huko mchana kutwa. Fundi aliitazama, akaanza kucheka, kicheko kikavu cha mtu aliyeishiwa hata nguvu za kuona aibu.

Na hapo, usingeamini, mshonaji akaruka wima. "Si niliwaambia! Alisema hamna, na kweli hamna! Mtoto ana kipaji, anajikana tu!"

"Enhe, ni kweli, alisema!" watu wakaanza kukubaliana. "Tungemsikiliza, saa hizi tungekuwa tumelala!"

Mlango ulikuwa wazi tena mbele ya Sumaku. Angenyamaza tu, kama alivyonyamaza mara ya kwanza, na kesho angepita mbele ya foleni. Miguu yake ilimwambia nyamaza. Macho yake, yaliyowaka kwa usingizi, yakamwambia nyamaza.

"Nilibahatisha," alisema kwa sauti iliyofika hadi nje. "Ingekuwemo, ningesema hamna vilevile. Kesho nitasimama nyuma kama wengine."

Mshonaji akakaa. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Fundi alipoanza kurudisha bolti, mama alimwashiria Sumaku, wakakaa pamoja juu ya gunia kando ya mlango. Mama alinyoosha miguu, akaitazama, kandambili moja imekatika kamba.

"Kwa nini hukuniambia kwamba umechoka?" aliuliza.

"Na wewe umechoka, mama."

Mama alimgeukia. "Sikiliza, mwanangu. Asubuhi ulisema hamna, na ilikuwa kweli. Lakini hukuijua hiyo kweli, uliiokota tu njiani. Mimi ningeinamia ile mashine kwa kutegemea bahati yako. Sasa hivi nitaiinamia kwa sababu mtu ameingiza mkono akapapasa. Mashine ni ileile, lakini moyo wangu si uleule. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Mtu mzima akikuuliza jambo usilolijua, mwambie sijui, hata kama ameshachoka na hataki kuisikia. Akasirike. Hasira yake itapoa akishalala. Kidole kikikatika hakirudi, na jicho halirudi." Akamfuta Sumaku unga shavuni kwa ncha ya kanga. "Na hiyo 'sijui' yako ya leo, uliyoipigia kelele watu wote wakageuka, hiyo imenipa raha kuliko mkasi wa mtu."

Bolti ya mwisho ilikazwa. Fundi alihesabu nati kwa sauti, Sumaku akahesabu naye, zikatimia. Watu waliokuwa wamelala wakaamshana. Foleni ikajipanga upya, fupi kidogo kuliko asubuhi, lakini bado ikipinda ukutani.

Mama alisimama, akashika kiuno, akajinyoosha hadi mgongo ukalia. Sumaku akamshika upindo wa kanga.

"Mama, naomba leo amimine mtu mwingine. Mwambie Bibi. Twende nyumbani tukalale, wewe na mimi, hadi tuamke wenyewe."

Mama aliitazama foleni ya watu wasio na unga nyumbani, kisha akamtazama binti yake. Alijifunga kitambaa puani, akapanda juu ya kikao. Fundi akazungusha mpini, injini ikashika kwa kishindo, na debe la kwanza likainuliwa.